Kuichagua Ndege kwa Siku Yake Mbaya

Septemba 2016, Tanzania ilipopokea ndege mbili za Dash 8-Q400 kutoka kampuni ya Bombardier ya Kanada, vijiweni maneno yalikuwa mengi. Wapo walioshangilia, na wapo waliobeza: miaka yote hii tumengoja, leo tunaletewa pangaboi? Machoni pa wengi ndege ya kweli ni jeti. Yenye mapanga ni ya kizamani, ya mwendo wa pole, ya nchi isiyo na kitu.

Siasa za ununuzi ule zina wasemaji wake. Mimi nataka kuutazama ufundi uliomo ndani ya uchaguzi wa namna hiyo, ufundi wa watu wanaokaa miezi, pengine miaka, na ramani, majedwali na mikataba, wakiamua shirika liruke na ndege gani kwa miaka ishirini ijayo. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na naona haijapewa nafasi yake katika mazungumzo yetu kuhusu usafiri wa anga.

Chukua Dar es Salaam na Zanzibar. Kutoka kiwanja hadi kiwanja ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka. Jeti hubana mafuta ikishafika juu, mita elfu kumi na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Kwenye safari ya dakika ishirini haifiki huko. Inapanda kidogo, inaanza kushuka, na mafuta imeshayachoma. Injini ya mapanga hufanya kazi vizuri huku chini, kwa mwendo wa wastani, na katika safari fupi hutumia mafuta pungufu kwa theluthi hivi, pengine zaidi, ukiilinganisha na jeti inayokaribiana nayo kwa ukubwa. Tena inaridhika na barabara fupi ya kurukia, kitu ambacho mikoa yetu mingi ndicho ilichokuwa nacho.

Lakini utamu wa hesabu hii hauishii kwenye mapanga dhidi ya jeti. Precision Air, shirika lingine la Tanzania, limejijenga kwa ndege za ATR zinazoundwa Toulouse. Air Tanzania, shirika la taifa, ikachukua Q400 zile. Zote ni za mapanga, na ATR 72 na Q400 zote hubeba watu sabini na kitu. Tofauti iko kwenye nguvu: injini za Q400 zina nguvu inayokaribia mara mbili ya zile za ATR 72, na mwendo wake unafika kilomita 660 kwa saa, ilhali ATR inaishia kwenye 510. Nguvu hiyo hailetwi bure. Inalipiwa kwa mafuta na kwa matengenezo. Je, inarudisha gharama yake?

Kwa Zanzibar, hapana. Ndege haijamaliza kushika kasi, kisiwa hiki hapa. Kwa Mwanza, kilomita 850, dakika ishirini zinaokolewa kila upande. Ndege ikiruka mara sita kwa siku kwa umbali kama huo, imeokoa saa mbili nzima, na saa mbili ni nafasi ya kuongeza safari kabla jua halijazama, jambo kubwa katika nchi ambayo viwanja vyake kadhaa vya mikoani kwa miaka mingi havikuwa na taa za kutulia usiku. Kwa hiyo mashirika mawili, katika nchi moja, yanaweza kuchagua ndege mbili tofauti na yote yakawa sahihi. Mwenye daladala analijua hili bila kwenda darasani: haulizi gari gani ni bora duniani, anauliza ruti yake ina abiria wangapi, barabara ikoje na spea zinapatikana wapi, ndipo aamue Hiace au Coaster.

Watu wa kazi hii huipima gharama kwa njia mbili: gharama ya safari nzima, na gharama ya kiti kimoja. Ndege kubwa karibu kila mara hushinda kwenye kiti, kwa kuwa marubani ni wawili vilevile na mnara wa kuongozea ndege ni uleule, bali abiria wa kugawana gharama ni wengi. Ndege ndogo hushinda kwenye safari. Mtego uko hapo, maana hesabu ya kiti huchukulia kwamba kiti kina mtu.

Kenya Airways iliupitia mtego huo mbele ya macho ya wote. Mpango wake wa Mawingu ulilenga kuzidisha ndege za shirika mara kadhaa ndani ya miaka kumi. Kati ya 2013 na 2014 zikafika Boeing 777-300ER, ndege za viti 400 hivi. Ndege ile ni hodari. Emirates inazo nyingi kuliko shirika lolote duniani, na imejengea juu yake biashara nzima. Lakini Septemba 2013 likatokea shambulio la Westgate jijini Nairobi, watalii wakapungua. Mwaka 2014 Ebola ikavuruga safari za Afrika Magharibi, ambako Nairobi ilikuwa ikivuna abiria wa kuunganisha. Viti 400 havijui habari hizo. Vinataka kujazwa leo na kesho. Kufikia 2016 zile 777 zilikuwa zimekodishwa kwa Turkish Airlines, na safari za mbali zikaachiwa 787-8 zenye viti 234. Istanbul walikuwa na abiria wa kuzijaza zile 777.

Ni rahisi kulaumu baada ya tukio, na sitaki kufanya hivyo. Ninachokiona pale ni ukubwa wa kazi yenyewe. Mpangaji anaagiza leo ndege itakayofika baada ya miaka mitano au zaidi, itakayoruka miaka ishirini baada ya hapo, katika dunia asiyoijua. Ndiyo maana walio hodari hawaipimi ndege kwa Desemba, wakati kila kiti kina mtu. Wanaipima kwa Jumanne moja ya Februari, dola ikiwa imepanda, mafuta yakiwa ghali na ndege moja ikiwa hangani. Ikihimili hesabu ya siku hiyo, mazungumzo yanaendelea.

Hapa Afrika Mashariki kuna kitu kingine cha kupimwa, nacho ni kimo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea. Injini inavuta hewa kidogo, hivyo msukumo wake unashuka. Ndege inalazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi juu ya lami kabla ya kuinuka, na matairi nayo yana kikomo chake cha kasi. Jua la mchana likipasha hewa hiyo moto, yote matatu yanazidi.

Halafu kuna sheria moja ambayo kila mpangaji anaijua. Ndege ya injini mbili, injini moja ikizima baada ya rubani kuvuka ile kasi ambayo hakuna tena kufunga breki, lazima iweze kuendelea kupaa kwa injini iliyobaki, magurudumu yakishakunjwa, kwa mwinuko usiopungua asilimia 2.4. Yaani kila mita mia moja inazosonga mbele, ipande mita mbili na sentimita arobaini. Hicho tu. Marubani wengi watastaafu bila kuona injini ikizima wakati huo, lakini kila safari, kila siku, uzito wa ndege hupangwa kana kwamba itazima. Kipimo hicho kidogo ndicho kinachoamua tani ngapi za waridi za Naivasha zitaondoka usiku wa leo na ngapi zitabaki ghalani.

Wauzaji wa ndege hufika na mchoro wa mzigo na umbali. Chini umeandikwa umbali, pembeni umeandikwa mzigo, na mstari mmoja unakwenda sawasawa, kisha unapinda kuelekea chini, kisha unapinda tena kwa ukali zaidi. Mtu asiyeujua ataona mstari uliovunjika mara mbili. Mpangaji anaona maisha yote ya ndege mle ndani. Kwenye sehemu iliyonyooka unabeba mzigo wote. Ukivuka kona ya kwanza, ndege imefikia uzito wa mwisho unaoruhusiwa kuruka nao, kwa hiyo kila tani ya mafuta unayoongeza inamshusha mtu au sanduku. Ukivuka kona ya pili, matanki yamejaa, hakuna pa kuweka hata lita moja, na njia pekee ya kufika mbali zaidi ni kuipunguzia ndege uzito. Mchoro wa muuzaji umechorwa kwa hali ya hewa ya kitabuni: hakuna upepo wa mbele, na kuruka kumefanyika pale ambapo uzito wote unaruhusiwa. Kazi ya mpangaji ni kuuchora upya kwa kiwanja chake, kwa joto lake, kwa upepo wa njia yake, na kuona kona ile ya kwanza imerudi nyuma kiasi gani.

Addis Ababa ni mfano mzito kuliko Nairobi. Uwanja wa Bole uko mita 2,334, hewa yake ni pungufu kwa sehemu ya tano. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines ya kwenda Washington imekuwa ikitua njiani, Dublin au Lomé, huku ile inayorudi kutoka Washington ikiruka moja kwa moja hadi Addis. Ndege ni ileile na miji ni ileile. Ikitoka Washington, karibu na usawa wa bahari, inaweza kuinuka na mafuta ya safari nzima pamoja na abiria wake, na upepo unaisukuma kutoka nyuma. Ikitoka Bole haiwezi. Shirika lile halikuilazimisha ndege kufanya isichoweza. Liliugeuza udhaifu kuwa kituo cha kuchukua abiria wengine. Huo ndio ufundi ninaousema.

Na mafuta yenyewe yana uzito. Kila tani ya ziada unayoibeba, asilimia 3 hadi 4 yake huchomwa kila saa kwa kazi ya kuibeba tu. Katika safari ya saa 15, kama ile ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018, sehemu kubwa ya mafuta yanayopakiwa inakwenda kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo maana ndege nyepesi yenye masafa yanayotosha huweza kumshinda jirani yake mwenye masafa marefu yasiyohitajika.

Kuna watu wanaoamini kwamba kufanya upya ndege za shirika maana yake ni kununua mpya. Si lazima. Allegiant, shirika la Marekani lenye makao Las Vegas, lilikua kwa kununua MD-80 kuukuu, ndege zenye kiu ya mafuta ambazo wengine walikuwa wakiziondoa. Biashara yake ilikuwa kuwachukua watu wa miji midogo kwenda mapumzikoni mara chache kwa wiki. Ndege mpya ingemlazimu airushe asubuhi hadi usiku ili alipe deni lake. MD-80 iliyonunuliwa kwa bei ya chini iliweza kukaa chini Jumanne na Jumatano bila kumuumiza mtu. Iliruka hadi Novemba 2018. Delta, lililo kubwa mara nyingi zaidi, lilichukua Boeing 717 zipatazo 88 ambazo Southwest hakuzitaka, zikaanza kazi 2013. Southwest alikuwa sahihi kuziacha, kwa kuwa nyumba yake nzima ni ya 737 na aina ya pili ingemdai marubani wake, mafundi wake na ghala lake la vipuri. Delta alikuwa sahihi kuzichukua, kwa sababu karakana zake Atlanta zina mafundi waliozoea kuzitunza ndege za umri mkubwa.

Bei nayo ina sanaa yake. Iliyoandikwa kwenye orodha ya kiwanda si inayolipwa. Kwa wanunuzi wakubwa punguzo huweza kukaribia nusu. Bwana wa mchezo huo alikuwa Juan Trippe wa Pan Am. Mwaka 1955 Boeing walikuwa mbele na 707, wakiamini hana pa kwenda. Akaenda kwa Douglas. Tarehe 13 Oktoba ikatangazwa: 707 ni 20, DC-8 ni 25. Boeing wakarudi mezani na ndege kubwa zaidi, ya masafa marefu zaidi. Mtu huyohuyo, mwaka 1966, aliagiza 747 ishirini na tano kwa dola milioni 525, zikaanza kazi 1970 wakati abiria wakipungua, kisha bei ya mafuta ikapanda 1973. Pan Am ilifungwa 1991 kwa sababu nyingi, na viti vile vingi ni mojawapo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya makaratasi. Ndani ya injini kuna diski zinazozunguka kwa kasi kubwa, na kila moja ina idadi ya safari iliyoruhusiwa, kuruka na kutua ikihesabiwa moja. Katika CFM56, injini ya Boeing 737-800, zile za katikati zina kikomo cha safari 20,000 hivi. Diski haijali umbali. Dar hadi Zanzibar ni moja, Dar hadi Mumbai ni moja. Anayepanga ndege anapanga pia jinsi umri huo utakavyotumika, na injini iliyobakiza safari chache anaweza kuihamishia kwenye njia ndefu ili ifike mwisho wake polepole.

Tena kila diski lazima iwe na kumbukumbu tangu siku ilipotoka kiwandani: ilifungwa kwenye injini gani, ikaruka mara ngapi, ikafunguliwa na nani, kwa cheti gani. Ukurasa mmoja ukikosekana, diski inayong'aa kama mpya haina thamani tena. Hakuna anayeweza kuapa imebakiza safari ngapi, kwa hiyo haifungwi. Ndege nyingi duniani ni za kukodi, na siku ya kuzirudisha mwenye mali hutuma watu wake wasome masanduku ya karatasi kwa wiki kadhaa. Shirika lililotunza ndege vizuri lakini likapoteza kumbukumbu hulipa kama lililoiharibu. Mpangaji mzuri anayasoma masharti ya kurudisha kabla ya kusaini ya kuchukua.

Injini zimekuwa mtihani mkubwa wa miaka hii. Desemba 2018 Air Tanzania ilikuwa shirika la kwanza Afrika kupokea Airbus A220-300. Kwenye karatasi ile ndege ni jibu zuri mno kwa nchi kama yetu: viti 132, uwezo wa kufika Mumbai, gharama ya safari iliyo chini kuliko ya ndege kubwa. Lakini A220 ina injini ya aina moja tu, ya Pratt & Whitney, hivyo anayechagua ndege amekwisha kuchagua injini. Injini hizo zikahitaji matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa, foleni za karakana zikawa ndefu, na kufikia mwishoni mwa 2022 baadhi ya A220 za Air Tanzania zilikuwa zimesimama. Halikuwa peke yake. AirBaltic na Swiss nazo zilisimamisha za kwao. Kwa shirika lenye ndege mamia, kusimama kwa tatu ni usumbufu. Kwa shirika lenye nne za aina hiyo ni ratiba iliyovunjika. Kwa 787 kuna uchaguzi wa injini, Kenya Airways wakachukua za General Electric na Air Tanzania za Rolls-Royce, na uamuzi huo mmoja huweza kupimwa kwa miezi kadhaa ya mazungumzo: nani ana karakana karibu, nani ataleta injini ya kuazima, ndani ya siku ngapi, kwa maandishi.

Nami nasema wazi kwamba kwa shirika dogo kipengele cha injini ya akiba kina uzito kuliko rangi ya viti, kuliko skrini, kuliko hata asilimia mbili tatu za mafuta. Tiketi ya Dar hadi Mbeya inauzwa kwa shilingi. Kodi ya ndege, vipuri na bima vinadaiwa kwa dola, na vinadaiwa hata ndege ikiwa imefunikwa injini zake uwanjani.

Wapo vijana wengi wanaopenda ndege na wanaopenda hesabu, ambao ada ya urubani imewashinda au macho yamewazuia. Kwao nasema: kazi hii ipo, inahitaji watu, na mlango wake uko wazi kuliko mnavyodhani. Boeing na Airbus wameweka mtandaoni, bure, vitabu vya kila aina ya ndege vinavyotumiwa na wajenzi wa viwanja. Ndani yake mna ule mchoro wa mzigo na umbali, na kando yake mna mwingine unaoonyesha urefu wa barabara ya kurukia kwa kila uzito na kila kimo. Pakueni cha 787, tafuteni mstari wa kimo kinachokaribia cha Nairobi, chukueni rula na penseli, mwone tani ngapi zinabaki chini.